Meno Mapya ya Fiel Stroobants

"Nikuachie mwanya, Bwana Stroobants, au niuzibe?"

Daktari wa meno aliuliza hivyo tu, kama muuza nyama anayekuuliza mafuta ayatoe au ayaache. Fiel Stroobants, kitambaa kimefungwa shingoni na fizi zake zikiwa tupu, hakufikiri hata kidogo. Swali hilo alikuwa amelingoja tangu darasa la kwanza.

"Ziba," alisema. "Ziba kabisa. Hata unywele usipite."

Mnaweza kucheka. Kwetu sisi Waswahili mwanya ni urembo, mtu hutongozwa kwa ajili yake, na wako wasiojaliwa ambao wangeununua kama ungeuzwa dukani. Lakini Fiel alizaliwa Brussels, mtaa wa Marolles, na huko mwanya wake haukumletea ila taabu. Watoto wa mtaani walimwambia tramu inapita hapo, tena mbili, ya kwenda na ya kurudi. Walimpa jina la Geti, likamganda. Kijana wa watu akajifunza kucheka bila kufungua mdomo, jambo ambalo si rahisi, jaribu uone.

Sasa ilikuwa mwaka 1978, Fiel ana miaka sitini na mitatu, na meno ya juu yote yalikuwa yamemlegea hadi daktari akaona heri yang'olewe yawekwe ya bandia. Mtu mwingine angesikitika. Fiel alifurahi, maana kulikuwa na suala la picha. Kwa mara ya kwanza maishani mwake sura yake ilikuwa itokee kwenye jalada la santuri, na chini ya sura hiyo liandikwe jina lake, kubwa, lisomeke na mtu aliye ng'ambo ya barabara.

Ili ujue ukubwa wa jambo hilo lazima ujue alikotoka. Baba yake alikuwa na kilabu cha bia kule Hoogstraat, na Jumapili akiwapigia wateja akodiani. Fiel mdogo alipolazwa na homa ya mapafu, mteja mmoja akamletea kinanda cha mdomo, harmonika, apate cha kupitishia wakati kitandani. Mtoto akakishika hakukiachia. "Hicho ni kitu cha kuchezea," baba alisema. "Ukipona utashika akodiani kama mtu mwenye akili zake." Alipona, na akili za baba hakuzitaka. Vita vya pili vya dunia vilipokwisha, askari wa Kimarekani wakaleta mjini santuri za jazi, na Fiel alisikia saksafoni moja ikilia mchana kweupe katika dirisha la jirani, akasimama barabarani mpaka wimbo ukaisha. Siku hiyo aliamua kwamba yale yale yaliyosemwa na saksafoni yeye atayasema kwa kinanda cha mdomo.

Kumwambia mtu mzima kwamba unapiga jazi kwa kinanda cha mdomo ni sawa na kumwambia kwamba unalima kwa kijiko. Bendi za dansi zilimwajiri kwa gita, zikimruhusu kutoa kinanda mfukoni wimbo mmoja tu, watu wanapokwenda chooni. Studio ndizo zilizomgundua. Zilipohitaji huzuni, zilimwita Fiel. Miaka hiyo yote hakuna aliyekufa vizuri kwenye sinema ya Kibelgiji bila Fiel kumpulizia. Wapenzi wakiagana stesheni, ni Fiel. Mbwa akipotea mvuani, ni Fiel. Waimbaji wakubwa walikuja kwa treni kutoka Paris, wakarekodi naye asubuhi, jioni wakarudi kwao na sauti yake mkobani. Kwenye jalada likaandikwa jina la mwimbaji, la kiongozi wa okestra, hata la aliyemtengeneza nywele. Fiel alikuwa "na wengineo".

Mkewe, Clémence, ambaye mtaa mzima humwita Mance, alikuwa na kibanda cha konokono wa bahari pale uwanja wa Vossenplein, penye soko la vitu vikuukuu. Kila santuri aliyopiga mumewe aliinunua kwa pesa yake ya konokono, akachukua kalamu, akaandika pembeni mwa jalada: *Anayelia hapa ni Fiel wangu.* Kisha akaitundika kibandani juu ya sufuria, ikapata mvuke mpaka ikajikunja.

Halafu akaja Hilde Roelandt. Binti wa miaka thelathini, mwenye kampuni ndogo ya santuri yeye na kaka yake, hana subira hata chembe. Alimkuta Fiel kibandani anakula.

"Bwana Fiel, nataka unitengenezee santuri."

"Ya nani?"

"Yako."

"Ndiyo, lakini anaimba nani?"

"Haimbi mtu, baba! Unaimba wewe kwa hicho kilichopo mfukoni. Wewe mbele, wenzio nyuma. Nyimbo kumi, na picha yako usoni mwa jalada."

Fiel alimtazama mkewe. Mance alikuwa ameshageuka kuwahudumia wateja, lakini konokono aliowapakulia siku hiyo walizidi kipimo, na hakujua, na wateja hawakumwambia.

Studio ikakodiwa siku mbili, Jumatano na Alhamisi ya wiki ya baada ya Pasaka. Zaidi ya hapo Hilde hakuwa na uwezo, na alilisema wazi: zikipita siku hizo mbili bila kazi, hakuna siku nyingine.

Basi ndipo Fiel alipokaa kwenye kile kiti cha daktari, akasema ziba.

Na meno yalikuwa mazuri, tusidanganyane. Meupe, yamepangika, yametulia. Siku alipoyavaa alipita katikati ya soko polepole kuliko kawaida, akawasalimia hata watu asiosalimiana nao. "Fiel! Umekuwa kama waziri!" walimpigia kelele wauza makochi. Yeye akatabasamu kulia, akatabasamu kushoto. Alipofika kibandani Mance alimkagua kwa muda, mwiko mkononi.

"Vipi?" Fiel aliuliza.

"Umependeza," Mance alisema. Kisha akakoroga sufuria ambayo haikuhitaji kukorogwa.

Kidonda cha fizi kilipokauka, Fiel alichukua vinanda vyake akaenda kwa Nand Pauwels kufanya mazoezi. Nand ni mpiga piano, wamekuwa pamoja tangu enzi za bendi za dansi, na ana mdomo usiokuwa na breki. Alifungua mlango, akautazama uso wa rafiki yake, akaufunga tena. Fiel akagonga.

"Nani?" Nand aliuliza kutoka ndani.

"Ni mimi, mjinga wewe!"

"Namngoja Fiel Stroobants. Wewe ni wakala wa bima, nakuona."

Walicheka, wakakaa, Nand akaanza wimbo wa kwanza. Ulikuwa wimbo wa polepole ambao Fiel aliutunga mwenyewe miaka mingi nyuma, na hakupata kuurekodi kwa sababu hakuna mtu wa sinema aliyepotelewa na mbwa wa kutosha. Fiel akaweka kinanda mdomoni, akavuta pumzi. Zikatoka sauti mbili kwa pamoja, aliyoitaka na jirani yake.

"Nimeteleza," alisema.

Akarudia, akateleza tena. Mara ya tatu alipiga kwa uangalifu, kama mtu anayevuka barafu, na safari hii hakukosea hata mahali pamoja. Kila sauti ilikuja kwa wakati wake, imenyooka. Alipomaliza, Nand hakuondoa mikono kwenye piano.

"Ni safi," Nand alisema.

"Safi vipi?"

"Safi kama korido ya hospitali. Fiel, huyu si wewe. Wewe ukipuliza, sauti inaanza kabla haijaanza, kuna kakitu pale mbele, sijui nikuambieje. Kamekwenda wapi?"

"Ni meno mapya. Nitayazoea."

"Utayazoea lini? Studio ni wiki ijayo, bwana we!"

Fiel alirudi nyumbani akapiga peke yake mpaka midomo ikavimba. Kakitu kale hakakurudi. Badala yake alipata kidonda kwenye ncha ya ulimi, kidogo lakini kikali, hata supu ilimuuma. Ijumaa kabla ya Pasaka, ingawa alikuwa ameshafunga kwa ajili ya likizo, daktari alimfungulia kwa hisani. Aliupapasa ule upande wa ndani wa meno, hakuona palipokwaruza, akayasugua yang'ae kwa usalama zaidi. "Ulimi wako unahangaika sana, Bwana Stroobants," alisema. "Uambie utulie. Mimi sasa naenda Ostende na watoto, nikirudi Jumatatu ya baada ya wiki ijayo tutatazama tena." Ikumbukwe kwamba Jumatatu hiyo siku za studio zingekuwa zimeshapita.

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Fiel alijitazama kwenye kioo Jumapili ya Pasaka, uso wa jalada kabisa, na kwa mara ya kwanza aliogopa. Hakuogopa kuchekwa, hilo alilizoea tangu utoto. Aliogopa kwamba santuri moja tu ya maisha yake ingetoka ikiwa na jina lake juu na mtu mwingine ndani. Aliwaza kumpigia simu Hilde amwambie amtafute mtu mwingine, kijana mwenye meno yake. Aliinua simu mara mbili, akairudisha.

Jumanne mchana, bado siku moja, alikwenda kibandani kumwambia Mance kwamba amekata tamaa. Alikuta watu wachache, mvua ya kunyunyiza, na Mance akamtilia bakuli la konokono na mchuzi wake wa pilipili kabla hajasema neno. Fiel akawa anawachomoa kwa pini, anakula. Mance alikuwa amejishika kiuno anamwangalia.

"Umeacha kupiga mluzi," alisema.

"Mluzi gani?"

"Ukinywa mchuzi. Miaka yote unapiga kamluzi, fyuu, mpaka nilikuwa naona haya mbele ya wateja. Siku hizi unakunywa kama askofu."

Fiel alishika bakuli akasubiri, maana alimjua mkewe: akianza hivi, kuna neno nyuma.

"Na tena," Mance akaendelea, "zamani ukikaa unafikiri, ulimi wako ulikuwa unakwenda pale mbele, kwenye mwanya, unaegemea. Nikikuona hivyo, nilikuwa siwashi redio, nikijua kuna wimbo unapita. Sasa hivi unafikiri, si ndiyo? Ulimi wako uko wapi?"

Fiel akatulia kujisikiliza. Ulimi ulikuwa pale pale, nyuma ya meno mawili ya mbele, ukisukuma ukuta, na ukisukuma ulikuwa unauma.

"Mungu wangu," alisema. "Unatafuta mlango."

Kinanda cha mdomo hukioni ukikipiga. Mwenye piano anaona ubao wake wote, mwenye gita anachungulia vidole. Mwenye harmonika ana matundu madogo yaliyofichwa na midomo yake mwenyewe, na ulimi ndio macho yake. Ulimi wa Fiel kwa zaidi ya miaka hamsini ulikuwa umekaa mlangoni, kwenye mwanya, na kutoka hapo ukijua tundu lipi liko kulia na lipi kushoto. Pumzi nayo ilikuwa ikichungulia kidogo mwanyani kabla ya kutoka, ndiyo ile sauti iliyoanza kabla haijaanza. Fiel hakuwa ameyajua hayo. Nani angeyajua? Mtu hajifunzi jinsi anavyotembea. Na mlango wenyewe aliuziba kwa amri yake, akiwa na akili timamu.

"Na daktari yuko Ostende," alisema.

"Yuko Ostende," Mance alikubali.

Fiel aliweka bakuli chini. "Funga kibanda," akamwambia mkewe. "Nahitaji masikio yako."

Sasa, kila mpiga harmonika anayejiheshimu ana kisanduku cha vyombo. Ndani ya kinanda mna vijilimi vya shaba vyembamba kama karatasi, navyo huchakaa, sauti zikapotoka, na mwenyewe hukaa mezani akavirudisha kwa tupa ndogo. Ukikwangua nchani sauti inapanda, ukikwangua shinani inashuka. Kazi yote ni kukwangua kidogo, kurudisha, kupuliza, kusikiliza, kutoa tena. Atakayekwangua kwa pupa ameua kijilimi, maana shaba iliyokwisha kutoka hairudi. Fiel alikuwa ameifanya kazi hiyo maisha yake yote. Walipofika nyumbani alitandaza gazeti juu ya meza ya jikoni, akakitoa kisanduku, kisha akatia vidole mdomoni akayatoa meno, akayaweka katikati ya gazeti, meupe, yamekenua.

"Fiel!" Mance alishika kichwa. "Wewe mzima kweli? Ukiyavunja je? Kesho utapiga kwa fizi?"

Fiel asiyekuwa na meno hakujibu vizuri, lakini mkono wake ulijibu. Alichagua tupa nyembamba kuliko zote. "Kaa nipe mgongo," alisema kwa taabu. "Usinitazame. Sikiliza tu."

Mance alivuta kiti, akampa mgongo, akajipakatia bakuli la viazi amenye, kwa sababu mikono yake haikuwahi kukaa bure. Nyuma yake akasikia tupa: kwi, kwi, kwi. Kisha kimya, maji, meno yakiingia mahali pake, na ule wimbo wa polepole, sehemu ya mwanzo tu.

"Bado," Mance alisema.

Kwi, kwi. Maji. Wimbo.

"Bado. Huyo ni jirani yako."

Tupa ikaenda, ikarudi. Viazi vikapungua bakulini. Wimbo ukaja tena, na safari hii Mance aliacha kisu hewani. "Unakaribia," alisema. "Ni kama uko kwenye ngazi."

Fiel aliinuka akajitazama kwenye kioo kilichotundikwa kando ya sinki. Mwanya ulikuwepo sasa, mwembamba kama stempu. Uso ulikuwa bado ule uso mpya. Ukisimama hatua mbili huoni kitu. Alijaribu tabasamu la jalada, likakaa vizuri. Huenda hata likapendeza zaidi.

"Hapa panatosha," alisema.

"Panatosha kwa nani?"

Fiel akakisogelea kioo. Mance alingoja, mgongo bado umemwelekea.

"Nakuuliza, Fiel. Kwa masikio au kwa jalada?"

"Kwa jalada!" Fiel akapaza sauti, na aibu ikampanda mpaka masikioni. "Ndiyo, kwa jalada! Mance, wewe hukuitwa Geti. Mimi nimeitwa Geti mpaka na walimu. Miaka yote nimepuliza nyuma ya pazia, sasa pazia limefunguliwa, nisimame mbele ya watu na sura ile ile waliyoicheka? Mara moja tu, mke wangu. Nilitaka kuwa mzuri mara moja tu."

Mance akaweka kisu. Aligeuka sasa, akamtazama mumewe, mzee aliyesimama kando ya sinki na unga mweupe wa meno kwenye ndevu.

"Siku uliyokuja kibandani mara ya kwanza," alisema, "ulikuwa hujui kuchomoa konokono. Ukajichoma pini, ukacheka kwa kujisahau, nikauona huo mwanya wako. Nikasema moyoni, huyu hawezi kunificha kitu hata akitaka. Nikakuongezea mchuzi. Mimi ndiye niliyekuwa nikiitazama sura ile asubuhi na jioni, na nimeikosa wiki hizi, nakwambia kweli, nimeikosa kama mtu aliyesafiri. Lakini santuri ni yako. Ukitaka iwe na mtu mzuri juu yake, iwe. Mimi nitainunua vile vile."

Akageuka tena, akachukua kiazi.

Fiel alikaa mezani. Aliyatoa meno, akayashika mkononi, akayatazama kwa muda mrefu. Ukweli ni kwamba aliyapenda. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi. Akainamisha tupa, akakwangua jino la kulia, akakwangua la kushoto, akakwangua tena bila kusita, mpaka kipande kikaruka kikagonga kikombe. Wote wawili wakashtuka. Mance hakugeuka, lakini mabega yake yalipanda yakabaki juu.

Maji. Meno yakaingia. Ulimi wa Fiel ukaenda mbele, ukapapasa, na haukusukuma kitu. Ulikaa. Alichukua kinanda, akavuta pumzi, na ule wimbo ukatoka kutoka mahali ulipokuwa umejificha, sauti ya kwanza ikianza kabla haijaanza, ya pili ikiifuata, hadi mwisho, na akaurudia bila kuombwa.

Mance alikuwa amefunika uso kwa aproni. "Huyo hapo," alisema ndani ya aproni. "Huyo hapo mume wangu. Nikapike viazi, nimemenya vya kulisha jeshi."

Jumatano asubuhi Nand Pauwels alimwona rafiki yake akiingia studio, akainuka kwenye kiti cha piano. "Nani kakuvunja meno?"

"Nimeyatuni," Fiel alisema.

Nand alicheka mpaka akashikilia piano, na mpiga ngoma na mpiga besi, vijana ambao hawakuelewa kitu, wakacheka kwa sababu yake. Mpiga picha wa jalada naye alikuwa ameshafika na taa zake. Alimzunguka Fiel, akajikuna shingo. "Mzee, hebu funga mdomo kidogo. Hivi, ndiyo. Tabasamu la ndani."

"Mwache," Hilde alisema. "Ameshafunga mdomo miaka mingi. Bwana Fiel, cheka unavyocheka." Na Nand, nyuma ya kamera, alitia vidole viwili mdomoni akajifanya tramu. Fiel akacheka, na ile ndiyo picha iliyotoka.

Baadaye walikaa kila mtu mahali pake. Mance aliingizwa kwenye chumba cha mitambo, nyuma ya kioo, akapewa kiti karibu na Hilde, amevaa koti lake la Jumapili. Fiel akavaa visikilizio, akakipasha moto kinanda ndani ya viganja. Taa nyekundu ikawaka.

Kabla ya kurekodi, fundi wa mitambo hutamka kwenye mkanda kazi ni ya nani, ili mikanda isichanganyike. Katika kazi yake Fiel alikuwa ameyasikia majina ya watu chungu nzima yakitamkwa hivyo masikioni mwake: waimbaji, viongozi wa okestra, hata kasuku mmoja wa tangazo la kahawa, ambaye alitajwa kwa jina lake na la ukoo.

"Fiel Stroobants," fundi alisema. "Wimbo wa kwanza, mara ya kwanza."

Nand akapiga utangulizi, mpiga besi akaingia, mpiga ngoma akaanza kufagia ngoma yake polepole kwa vifagio vya waya. Zamu ya kinanda ikafika, ikapita. Nand akaacha kupiga.

"Bwana, ilikuwa zamu yako."

"Najua," Fiel alisema. Kinanda kilikuwa mdomoni kwake, hakikutoa hata pumzi. "Nilikuwa nasikiliza."

Nand Pauwels, ambaye hajapata kukosa neno la kumchoma mtu, safari hii hakusema la kuchoma. Aligeukia kioo. "Fundi," alisema, "mtaje tena. Taratibu."

"Fiel Stroobants," fundi alisema, taratibu. "Wimbo wa kwanza, mara ya pili."

Na Fiel akaingia. Alipiga kana kwamba hakuna jalada wala kioo, kana kwamba amesimama tena barabarani mchana kweupe, ila sasa dirisha lilikuwa lake. Alivuta, akapuliza, akaziacha sauti zikae pale zilipotaka kukaa, na wale vijana wawili wasioelewa kitu wakaelewa, wakamfuata kwa heshima. Sauti ya mwisho aliishika mpaka ikawa nyembamba, kisha akaiachia. Taa nyekundu ikazima.

Nyuma ya kioo fundi alimtazama Hilde ili aambiwe kama warudie, na Hilde, yule asiyekuwa na subira, alikuwa bado ameegemeza paji la uso kwenye kioo. Mance ndiye aliyeinama kwenye kipaza sauti cha fundi, bila kuomba ruhusa ya mtu.

"Fiel, unanisikia? Msiurudie huo. Ni wewe huyo, mzima mzima."

Sauti ya mkewe ilimjaa Fiel masikioni. Alikipigapiga kinanda kwenye kiganja kukitoa mate, akavuta kiti karibu zaidi na kipaza sauti.

"Haya, mnangoja nini?" akasema. "Leteni wa pili, midomo bado ina moto."